Shajara ya mradi wa kapsuli: ukingo uko wapi?

Siku ya 1

Leo nimetoa mirija miwili kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mmoja una bakteria *Klebsiella pneumoniae* wa aina ya K2, mwenye kapsuli nene. Wa pili una ndugu yake aliyenyofolewa jeni moja tu, *wcaJ*, ile inayoanzisha ujenzi wa mnyororo wa sukari za kapsuli. Ukiondoa hilo, hao wawili ni sawa kwa kila kitu. Humu ndani wa kwanza atakuwa Mnene na wa pili Mtupu, maana sina nguvu ya kuandika namba za friza kila mara.

Kwa asiyeishi maabara: kapsuli ni koti la ute ambalo baadhi ya bakteria hujivika nje kabisa ya seli. Kwa wengi wao koti hilo ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari. Bakteria wa kimeta yeye kajitenga, lake limeundwa kwa asidi ya glutamiki. Aliyelivaa ni mgumu kukamatwa. Chembe nyeupe za damu zikimfuata ili zimmeze, anateleza kama sabuni iliyolowa.

Tabu ya mwenye hadubini ni kwamba koti lenyewe karibu lote ni maji, zaidi ya asilimia 95. Halina rangi, na halipindi mwanga kwa kiasi cha kulitofautisha na majimaji yanayolizunguka. Ninatafuta maji ndani ya maji.

Swali la mradi: koti hilo linaishia wapi, na uso wake wa nje ukoje? Msimamizi wangu amesoma pendekezo, akacheka. "Daktari mtarajiwa, umechagua kupima kivuli." Sawa, tutaona.

Siku ya 2

Makoloni yameota. Mnene amevimba, anang'aa, na makoloni jirani yameanza kumwagikiana. Mtupu ni mdogo, bapa, amefifia kama rangi ya ukutani iliyokauka.

Nimefanya jaribio la uzi: unagusa koloni kwa kitanzi cha waya na kukiinua taratibu. Ute ukinyooka zaidi ya milimita 5 bila kukatika, jibu ni chanya. Wa Mnene umenyooka hadi nikaishiwa nafasi ya mkono. Ni jaribio la kitoto, na lina raha yake. Ila linapima unato tu, na bakteria anaweza kuwa na kapsuli nzuri asivute uzi hata kidogo.

Siku ya 3

Nimeharibu slaidi sita. Mkono una mazoea yake: ukishapaka bakteria kwenye kioo unakipitisha kwenye moto mara tatu ili washike. Nimefanya hivyo bila kuwaza, nikatia rangi, nikakaa kwenye hadubini, nikakuta Mnene na Mtupu ni mapacha. Joto limefukuza maji, na maji yakiondoka koti hunywea na kulala juu ya seli. Mwalimu wangu wa kwanza wa bakteriolojia alilisema hili darasani na mimi nililiandika kwenye daftari. Kuliandika na kulijua ni vitu viwili.

Nimebandika karatasi juu ya kichomeo: KAPSULI HAIPITI MOTONI.

Siku ya 5

Wino wa India. Njia ya zamani kuliko bibi zetu, na bado sijaona inayoishinda kwa uzuri.

Unaweka tone dogo la bakteria hai, kando yake tone la wino, unayaunganisha, kisha unashusha kioo cha kufunikia kwa pembe ili hewa isinaswe. Halafu kuna hatua ambayo vitabu huipita haraka: unabonyeza kioo kwa karatasi ya kunyonya mpaka tone liwe jembamba. Likiwa nene, wino ulio juu na chini ya seli unaficha kila kitu na unabaki kutazama giza. Likiwa jembamba mno, seli zinabanwa na kapsuli inatanuka pembeni kama donge la unga lililokandamizwa, na utafurahia unene ambao haupo. Imenichukua slaidi kumi na moja kupata kipimo cha mkono.

Ya kumi na mbili ilikuwa sawa. Lenzi ya mafuta, ukuzaji mara 1,000. Uwanja wa kahawia iliyokolea, na ndani yake madirisha ya mviringo yenye mwanga, kila dirisha na kijiti chake katikati. Kilichonishika sana ni ukingo. Chembechembe za wino hazitulii, zinatetemeka muda wote kwa kusukumwa na molekuli za maji. Nikachagua chembe moja, nikaifuata kwa jicho. Ikacheza, ikaenda upande wa seli, ikafika mahali, ikarudi. Ikaja tena, ikarudi palepale. Hakuna ukuta unaoonekana, lakini chembe inaujua.

Jioni nimefanya hesabu ya kujituliza. Kipimo kidogo kabisa ambacho hadubini ya mwanga inaweza kukitenganisha ni 0.61 mara urefu wa wimbi gawanya kwa uwezo wa lenzi wa kukusanya mwanga. Kwa mwanga wa nanomita 550 na lenzi ya 1.3, jibu ni kama nanomita 258. Madirisha ya Mnene ni mapana kuliko hapo, kwa hiyo sioti. Lakini kuhusu uso wake, kama ni laini, una manyoya au una matundu, njia hii haina la kusema.

Siku ya 6

Leo nimevunjwa moyo, na nadhani ndiyo siku ya maana kuliko zote mpaka sasa.

Nilitaka picha za kudumu, hivyo nikatumia nigrosini, rangi nyeusi: unachanganya, unaburuta kwa ukingo wa slaidi nyingine, unaacha ikauke kwa hewa. Mnene ametoka vizuri. Kisha nikamweka Mtupu, kwa kutimiza wajibu tu. Ana dirisha.

Dogo, jembamba, lakini lipo. Bakteria asiye na jeni ya kuanzisha kapsuli ana uwazi mweupe unaomzunguka. Nilidhani nimechanganya mirija. Nikarudia kutoka kwenye koloni jipya, lipo. Nikamtazama Mtupu kwenye wino wa majimaji. Halipo, wino unamgusa mwilini kabisa.

Maelezo yake ni rahisi ukishatulia. Utando wa rangi unapokauka, seli nayo inapoteza maji na kusinyaa. Inajivuta ndani, rangi inabaki ilipokuwa, na kati yao panabaki pengo. Pengo hilo jicho linaliita kapsuli. Kama nisingekuwa na Mtupu, ningelipima na kuliingiza kwenye jedwali, na hakuna ambaye angenishtaki.

Kuanzia leo kila kipimo cha Mnene kina kipimo cha Mtupu pembeni, slaidi hiyohiyo, saa hiyohiyo. Na picha zote za nigrosini nimezitoa kwenye vipimo. Zitabaki kwa maonyesho.

Siku ya 9

Nimejaribu njia ya Anthony: urujuani wa kristali, kisha kuosha kwa mrututu wa asilimia 20 badala ya maji, maana maji yanaibeba kapsuli. Seli zambarau, koti buluu hafifu. Inapendeza. Lakini inakauka, kwa hiyo ina ugonjwa uleule wa nigrosini. Naipita.

Siku ya 13

Kuna kitu kimetokea kwenye sahani za Mnene. Nimekuwa nikimhamisha kutoka sahani moja hadi nyingine kila baada ya siku mbili kwa uvivu wa kurudi kwenye friza. Leo asubuhi koloni moja kubwa lina kipande bapa, kilichofifia, kama pizza iliyochunwa jibini upande mmoja. Nimechukua kutoka kipande hicho, nikaweka kwenye wino: hakuna koti.

Kujenga kapsuli kunagharimu sukari na nguvu. Kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea, hakuna chembe nyeupe ya kumkimbia, na mwenye kuliacha koti anaota haraka kuliko mwenzake. Mimi mwenyewe, kwa uvivu wangu, nimekuwa nikiwapendelea wavua koti.

Ndilo jambo lilelile lililompa Frederick Griffith kazi yake ya 1928. Pneumokokasi, bakteria wa nimonia: makoloni laini yenye kapsuli yanayoua panya na makoloni ya kukwaruza yasiyo nayo yasiyoua. Akachanganya wale laini waliouawa kwa joto na hai wa kukwaruza, panya wakafa, na ndani yao akakuta hai wenye kapsuli. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wakaonyesha kilichohama ni DNA. Nusu ya bayolojia ya kisasa imepita kwenye mlango wa koloni linalong'aa na lisilong'aa, na mimi nilikuwa nalitupa kwenye ndoo ya dawa.

Sheria mpya: kila Jumatatu friza, na hakuna sahani ya zaidi ya siku nne.

Wiki ya 4

Sasa kipimo chenye namba. Natumia dextrani ya kilodaltoni 2,000 iliyofungwa fluoresini, rangi inayowaka. Ni sukari kubwa, nusu kipenyo chake majini ni karibu nanomita 27, haiwezi kupenya kwenye matundu ya kapsuli. Chini ya mwanga wa buluu kila kitu kinawaka kijani isipokuwa mahali dextrani ilipozuiwa. Mantiki ni ya wino, ila mpaka wake ni safi zaidi na programu inaweza kuhesabu eneo la giza bila kubishana nami.

Mimi ndiye niliyekuwa tatizo. Nilipochagua seli za kupima, nilichagua zenye koti zuri. Sikukusudia, jicho linapenda kinachoonekana. Nimemwomba mwenzangu wa benchi la pili abandike namba juu ya slaidi na afiche orodha. Alikubali kwa sharti kwamba nami nimsomee za kwake, za kuvu. (Kuvu huyo ni *Cryptococcus*, mwenye kapsuli kubwa kiasi kwamba nimeona wivu. Ukiwa na kitu kile huhitaji mradi, unahitaji kamera tu.)

Nilipopima bila kujua, tofauti kati ya Mnene na Mtupu imebaki, na hilo limenipa usingizi. Kilichobadilika ni umbo la takwimu. Nilikuwa nikisema "unene wa kapsuli" kana kwamba ni mmoja. Ndani ya slaidi moja, kutoka koloni moja, kuna seli zilizovaa makoti mazito na nyingine zenye kijitambaa. Wastani unazificha zote mbili. Nitachora kila seli kama nukta, na wastani utakaa pembeni kimya.

Wiki ya 6

Hadubini elektroni ya kupapasa uso. Nilisubiri zamu wiki mbili.

Utayarishaji ni wa kawaida: glutaraldehaidi ya kugandisha sampuli, kisha ethanoli ya asilimia 30, 50, 70, 90, 100, kisha kukausha kwa kaboni dayoksidi kwenye nukta ya mpito, yaani juu ya nyuzi 31 na shinikizo la kama bar 74, ambapo kimiminika na gesi hupoteza tofauti yao na hakubaki uso wa kimiminika wa kuvuta kitu. Halafu dhahabu nyembamba juu.

Picha ni nzuri mno. Vijiti vimeunganishwa kwa nyuzi na nyavu, kama mtu alitandika kitambaa cha mapambo akakiacha usiku kucha kwenye mvua. Nilimwita mzee wa chumba cha elektroni aje aone uso wa kapsuli.

Akaangalia kwa muda. "Mwanangu, hiyo siyo kapsuli. Hiyo ni maiti ya kapsuli."

"Lakini Mtupu hana nyuzi hizo, mzee. Nimemwangalia."

"Hana, kwa sababu hakuwa na kitu cha kufa. Nyuzi zimetoka kwenye kapsuli, sikatai. Ila umbo lake ni la ethanoli. Kitu chenye maji asilimia tisini na tano ukikikausha kinabaki asilimia tano, na hiyo tano inajikunja inavyotaka."

Nimebisha, nikaenda nyumbani, nikarudi asubuhi nikaona yuko sahihi. Nyavu zinaunganisha seli na seli, hata zilizo mbali. Kwenye wino makoti yao hayakugusana. Mshikamano ule ni wa kukauka. Picha zinaingia kwenye ripoti zikiwa na maelezo hayo chini yake, na haziingii kwenye jibu la swali.

Wiki ya 7

Mzee kanipa dawa yake: rangi iitwayo rutheni nyekundu pamoja na lisini, asidi ya amino.

Inafaa kueleza kwa nini. Glutaraldehaidi hushika protini kwa kunasa vikundi vya amini. Polisakaridi ya kapsuli haina vya kunasa, kwa hiyo inapita kwenye dawa ya kugandisha kama mtu asiyeitwa jina. Lakini kila kipande kinachojirudia kwenye mnyororo wa K2 kina glukosi mbili, manosi moja na asidi ya glukuroniki moja, na hiyo asidi ina chaji hasi. Rutheni nyekundu ina chaji chanya. Inalikumbatia koti kutoka nje, na osmi tetroksidi, dawa inayotia weusi, ikija inakolea pale ilipo rutheni. Lisini huleta amini zinazokosekana, na glutaraldehaidi inafuma wavu unaolishikilia koti lisianguke.

Wavu huo haumngoji mtu. Lisini na glutaraldehaidi zikikutana zinaanza kuungana zenyewe. Nilichanganya, simu ikaita, nikatoka kidogo tu. Niliporudi bomba lilikuwa na jeli ya rangi ya chai, sampuli nne ndani yake zimekaa kama wadudu kwenye gundi. Siku nzima imekwenda. Simu yenyewe ilikuwa ya kampuni ya kuuza bima.

Mara ya pili nilizima simu. Na nikumbushe aliye nyuma yangu: osmi haifunguliwi nje ya kabati la kufyonza mvuke, hata kwa sekunde. Mvuke wake hugandisha macho kama inavyogandisha sampuli.

Vipande vya nanomita 70, hadubini elektroni ya kupenyeza. Mtupu: utando wa nje uko safi, mstari tu. Mnene: juu ya utando kuna msitu mweusi wa vinundu na nyuzi, mzito karibu na seli, ukipungua kuelekea nje. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba koti lina ndani na nje, si jeli ya aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini ni jembamba kuliko madirisha ya wino. Jembamba sana.

Wiki ya 9

Nimekwama kwenye tofauti hiyo. Wino unasema koti pana, rutheni inasema koti fupi.

Mwaka 1988 watafiti wa Japani waligandisha *Klebsiella* kwa kasi, wakabadilisha barafu kwa kiyeyushi bila kuiyeyusha, na wakaripoti kapsuli ya nanomita 160 yenye tabaka mbili: ndani, mafungu mazito ya nyuzi yaliyosimama wima kama uzio wa miti; nje, nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ncha za mafungu hayo na kufuma wavu. Nimeichapa picha yao na kuiweka karibu na yangu. Msitu wangu mzito wa ndani unaweza kuwa uzio wao. Wavu wa nje mimi sina. Umelala au umeondoka.

Umeondoka wapi? Nimefuatilia hatua zangu moja moja. Sampuli ya wino haioshwi. Sampuli ya elektroni inazungushwa kwenye sentrifuji mara tatu na kuoshwa kila mara. Leo nimechukua Mnene, nikamzungusha na kumwosha mara tatu vilevile, kisha nikamrudisha kwenye wino.

Dirisha limepungua. Si kidogo. Na maji ya mwosho wa kwanza yalikuwa yanavutika kama ute wa yai.

Kwa hiyo sehemu ya kile nilichokuwa naita kapsuli ni ute uliolegea, ambao haujashikwa na seli kwa nguvu. Vitabu vinatenganisha kapsuli na ute kana kwamba kati yao kuna mstari. Sijauona mstari huo. Naona kitu kinachozidi kulegea kadiri kinavyokwenda mbali, na kila chombo kinasimama mahali pake: chembe ya wino hapa, dextrani pale, rutheni ndani zaidi. Kingamwili nacho kingesimama kwingine. Ile mbinu ya Neufeld ya 1902, ambapo kingamwili hufanya kapsuli ya pneumokokasi ionekane kana kwamba imevimba, haipimi uvimbe, inabadilisha namna mwanga unavyopinda pale kilipokaa.

Nimebadilisha swali kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Lilikuwa "kapsuli inaishia wapi". Sasa linasomeka "inaishia wapi kwa nani".

Wiki ya 10

Tumepata siku moja kwenye mashine ya kugandisha kwa shinikizo kubwa, kama bar 2,100. Kwa ugandishaji wa kawaida ni mikromita chache tu za juu zinazookoka kabla fuwele za barafu hazijararua kila kitu. Kwa shinikizo hilo unaweza kwenda hadi karibu mikromita 200. Hakuna sentrifuji leo. Nimekwangua koloni moja kwa moja kutoka kwenye agari, nikalipakia, likaganda kwa milisekunde. Halafu asetoni yenye osmi, nyuzi 90 chini ya sifuri, siku tatu bila kugusa. Nimeweka ulinzi wa karatasi mlangoni: USIFUNGUE, NA WEWE PIA.

Bloku nane. Mnene nne, Mtupu nne, namba zimefichwa na mwenzangu wa kuvu.

Wiki ya 11

Bloku ya 1 ilipasuka kwenye kisu. Ya 2 ina fuwele za barafu, matundu meupe kila mahali. Pakio lilikuwa nene mno. Ya 3 ni ya Mtupu bila shaka, sihitaji orodha.

Ya 4 nimeikata jana saa kumi jioni. Seli mbili zimekaa jirani. Kutoka kwenye utando, mafungu yamesimama wima, yamebanana. Juu yake nyuzi nyembamba mno zinatawanyika na kukutana na za seli ya pili, na pale katikati siwezi kusema ipi ni ya nani. Nilipandisha ukuzaji, nikashusha, nikabadilisha fokasi makusudi kuona kama ni kelele za picha. Zinabaki.

Mzee amekuja na kikombe chake, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, akatazama.

"Hiyo sasa iko hai kidogo," akasema. "Kata ya 5."